Neno la Mlangoni

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, na Subilaga alikula yamini kwamba siku hiyo halitamtoka.

"Sema twende," Tusekile alimkumbusha kwa mara ya nne, huku akimpandishia baba yake zipu ya ovaroli. "Sema haya. Sema chochote, mimi sijali. Ila lile jingine usiliguse, dada yangu, maana akilisikia atalijibu tu. Unamjua baba."

"Nimekusikia."

"Daktari kampa ruhusa ya mara moja. Hakuna ya pili."

"Tusekile, nimekusikia."

Mzee Ambakisye Mwasandube alikuwa amesimama katikati yao, mikono ameitanua, anavishwa. Miaka sabini na minane, mrefu, mwembamba, mabega bado yamenyooka. Nyuma ya sikio lake la kulia kilikaa kishikizi, kidude cha ukubwa wa harage kinachowaka taa ya kijani. Tusekile alipoanza kumweleza tena habari za vidonge vya presha, kipi kabla ya kupanda na kipi baada ya kushuka, mzee alitazama dari na kusema taratibu, "Ruka." Taa ikawa nyekundu. Mwanawe akaendelea na maelezo yake hadi mwisho. Alipomaliza, mzee akasema, "Shika," na taa ikarudi kijani.

"Umeona?" Tusekile alimgeukia Subilaga, hajui acheke au alie. "Ananiruka mimi, mtoto wake wa kumzaa."

"Kulikuwa na la maana?" mzee aliuliza kwa upole.

Maradhi yalikuwa yamemwingia miaka miwili nyuma, nayo yalikuwa na ubaguzi wa ajabu. Ya zamani hayakuyagusa. Mzee aliweza kukutajia kila rubani aliyepita kiwanja cha Uhambule, na jina la mbwa wa rubani. Lakini jambo jipya halikukaa kichwani mwake zaidi ya robo saa; lilivuja. Ndipo akawekewa kishikizi. Kinapokea yale ambayo macho, masikio na ngozi vinapeleka kwenye ubongo, kinamtunzia kutwa nzima, na akilala, hata usingizi mfupi wa mchana, kinayashona mahali pake yote ya siku hiyo. Yakishashonwa, yameshonwa, huongezi wala hupunguzi. Na kwa kuwa si kila dakika ya mtu inastahili uzi, waliokitengeneza waliweka amri mbili nyepesi, shika na ruka, na kinaitii sauti ya mwenyewe tu, kwa kuisikia kwenye mfupa wa taya.

Kwenye kikao chao maneno hayo bila shaka yalionekana mazuri. Hakuna hata mmoja wao, ni wazi, aliyewahi kusimama kwenye mlango wa ndege. Tusekile aliwaandikia kuomba neno libadilishwe, wakamjibu kwamba limechomewa ndani, na kulibadilisha ni kukitoa kidude kizima na kuweka kingine. Mzee mwenyewe alilipenda. Aliruka foleni, aliruka simu za wauza bima, na Jumapili moja aliruka matangazo ya kanisani kwa sauti iliyomfikia mchungaji.

*

Banda walilosimama lilikuwa lake kuliko la mtu mwingine yeyote. Kwa miaka thelathini na moja Mzee Ambakisye ndiye aliyekunja miavuli ya kurukia kutoka ndegeni pale Uhambule. Ile meza ndefu ya mbao bado ilikuwapo, imelainishwa na kitambaa hadi inateleza, na vifuko vya mchanga vya kukandamizia mikunjo bado vilining'inia ukutani kwenye misumari aliyoigongelea yeye.

Subilaga hakuweza kuingia humo bila kuikumbuka harufu ya petroli. Siku hizo ndege ilikuwa ya petroli, inanguruma hadi vikombe vinatembea mezani, na ukishuka nywele zinanuka siku mbili. Jumamosi watu arobaini walipanga foleni. Chai ya tangawizi ilichemka kwenye sufuria kubwa tangu alfajiri, redio ikipiga muziki ambao hakuna aliyeusikiliza. Sasa ndege ni ya betri, inavuma kama friji, na wateja ni wawili kwa wiki, wakizidi sana watatu. Vijana wanavaa kofia zao za kielektroniki sebuleni, wanaruka wakiwa kwenye kochi, na wanaposhuka soda yao haijapoteza hata ubaridi. Subilaga hakuwalaumu. Aliwakosa tu.

Mzee Ambakisye hakuwahi kuruka. Kwanza mkewe alimwapisha asiruke hadi watoto wakue. Watoto walipokua, jicho moja likaingia ukungu, na jicho lilipotibiwa umri ukawa umepita kikomo cha kanuni za wakati ule. Basi alikunja. Na kila aliyetua alimkuta keshafika, anakusanya kitambaa, na kabla hujavua kofia anakuuliza, "Ilikuwaje?" Hakuuliza kwa mazoea. Alisimama akasubiri jibu, kitambaa amekikumbatia.

Subilaga alikuwa na miaka ishirini na mitatu alipojibu swali hilo mara ya kwanza. Ukweli ni kwamba alifumba macho mlangoni na hakuyafumbua hadi mwavuli ulipofunguka na mikanda ikambana kiuno, kisha akatapika. Hakuona kitu. Lakini mzee alisimama pale na uso wake ule uliojaa hamu, na Subilaga aliona haya kumpa mtu kama huyo jibu la matapishi. Akamwambia ameona mawingu kwa chini yake. Akamwambia milima ya Uporoto ikiangaliwa kutoka juu imelala kama ng'ombe waliokula wakashiba, na kwamba yeye mwenyewe alijisikia hana mwili. Mzee alitikisa kichwa polepole, akaenda zake kukunja.

Baadaye alikuja kuupenda mruko kwelikweli, kwenye mara ya sita au ya saba, akaufanya kazi ya maisha. Na miaka mingi ikapita kabla hajagundua, katika soga za walimu, kwamba karibu wote walifanya vile vile. Kila mmoja alimtilia mzee chumvi yake, na mzee akaibeba yote nyumbani.

*

Walipanda saa nne asubuhi. Ulikuwa mruko wa pacha, maana yake mgongo wa mzee ulifungwa kwenye kifua cha Subilaga kwa mikanda minne, na mwavuli mmoja mkubwa, uliokunjwa na Subilaga mwenyewe jana yake, ulikuwa wa wote wawili. Njiani mzee alipapasa ukanda begani kwake mara moja, vidole vikitembea juu ya mishono kana kwamba anaihesabu.

Kwenye futi elfu kumi rubani alifungua mlango. Baridi ikaingia. Chini kabisa majaruba ya mpunga ya Usangu yalikuwa yamejaa maji, yanang'aa.

Uhambule kulikuwa na desturi ya mlangoni tangu kiwanja kilipofunguliwa. Mwalimu hulisema neno, mwanafunzi hulirudia, ndipo wanatoka. Asiyelirudia hurudishwa ndani bila kuulizwa, maana ama hakusikia, au kasikia na moyo umekataa. Subilaga alikuwa amelisema neno hilo zaidi ya mara elfu sita. Twende, alijiambia. Twende, twende. Akaweka mguu ukingoni. Akausikia moyo wa mzee ukidunda kupitia mgongo wake, na ghafla akajawa na furaha kubwa kwa ajili yake, furaha iliyomfutia kila kitu kichwani.

"Ruka!"

"Ruka!" mzee alijibu, kwa sauti ya mtu aliyelisubiri tangu ujana wake, na wakatoka.

Subilaga hakujua kwamba amelisema. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba lilimtoka bila hata kumgusa ulimi. Kwa sekunde thelathini hivi walianguka, kisha mwavuli ukafunguka, kukawa kimya. Dakika zote tano za kushuka mzee hakutazama chini. Alikiinua kichwa akatazama juu, kwenye kitambaa, hadi Subilaga akalazimika kumwambia akunje miguu. Upepo uliwasukuma mbali kidogo, wakatua kwa makalio kwenye majani ya pembezoni mwa majaruba, karibu nusu kilomita kutoka bandani.

"Goti," mzee alisema.

"Limeumia?"

"Limenuna tu."

Subilaga alifungua mikanda, akataka kumvua kofia, mzee akamzuia mkono. "Niache kwanza nijinyooshe." Akajilaza chali kwenye majani, kofia kichwani, akapumua. Subilaga akakaa kando yake kusubiri gari. Alitaka kumuuliza na akaogopa, kwa hiyo mzee akaanza mwenyewe.

"Kelele," alisema. "Kelele tupu. Upepo umenijaa mdomoni nikadhani meno yananiacha. Machozi yakanitoka, sikuona hata hiyo milima. Suba, ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mzee."

"Miaka yote nilidhani ninyi huko juu mnamwona Mungu." Akasugua viganja. "Baridi nayo. Hakuna aliyeniambia habari ya baridi."

Subilaga aling'oa jani moja, akalikunja.

"Lakini mwavuli ulipofunguka," mzee alisema, na sauti yake ikabadilika. "Hapo nilikuwapo. Kwanza paa, halafu ile fwaa ndefu. Mimi ile sauti niliikunja miaka thelathini na moja sijawahi kuisikia kwa karibu. Nimeusikia mkunjo wa kwanza unaachia, wa pili, wa tatu. Aliyeukunja huu ni nani?"

"Mimi."

"Umekunja vizuri. Ila kona ya kushoto uliharakisha. Umefunguka kwa kusitasita upande ule."

Subilaga alicheka kwa sauti. Walibaki pale jua likiwapasha, wakizungumza habari za kona na kamba na marubani waliokwisha kufa, na alijiona mwenye bahati kuliko siku nyingi. Gari lilikuwa linakuja kwa mbali, likizunguka majaruba. Kisha mzee aliinua kichwa, akautazama mwavuli uliotandazika, akaitazama mikono yake.

"Tumeshafika chini?" aliuliza.

"Mzee?"

"Tulikuwa mlangoni. Nakumbuka ule ukingo, na mguu wako." Akamshika Subilaga mkono. "Nilizirai, siyo? Suba, usinifiche. Siku yenyewe imefika, nami nikazirai."

Subilaga akaivuta ile kofia. Taa ilikuwa nyekundu.

*

"Pengo la dakika kumi na tisa," alisema Hosiana Chengula. Yeye alikuwa fundi wa vishikizi, ametoka Mbeya mjini makusudi kuja kukiangalia kile cha mzee baada ya mruko. Alikuwa ameweka kifaa chake juu ya meza ya ofisi na kukitazama bila kupepesa. "Kila kitu kipo hadi mlangoni. Halafu hakuna kitu hadi pale ulipomwambia aseme shika. Na kumbukumbu za kichwani mwake mwenyewe zimeshavuja. Pole, dada."

Tusekile hakusema pole. Alikuwa amesimama dirishani akiangalia banda, ambako baba yake alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshakula wali wake, hamwangalii mtu.

"Nimemwambia aliruka," alisema. "Nimemwambia hakuzirai. Ananiambia asante mama, kwa sauti ile ya kumshukuru mtu anayekupoza. Haamini." Akageuka. "Hosiana, sema ile habari ya kiraka."

Hosiana alieleza. Kampuni ilikuwa na ghala ya kumbukumbu ambazo watu walizitoa kwa hiari yao, harusi, ubatizo, kuona bahari mara ya kwanza. Miruko ya kwanza ilikuwamo, na mizuri. Alikuwa ameshachagua mmoja, wa kijana wa miaka ishirini na moja aliyeruka juu ya mashamba ya chai, akaona mawingu chini yake na kujisikia hana mwili. Angebadilisha chai kuwa mpunga, angeongeza maumivu kidogo ya goti, maana goti la kijana lilikuwa zima mno, kisha angekishona kiraka hicho kwenye pengo. Dakika ishirini za kazi. Mzee asingejua mahali pa mshono.

"Ila kiwekwe kabla hajalala," aliongeza. "Na yeye akishakula hulala saa saba. Akilala na pengo, pengo linashonwa hivyo hivyo."

"Mwekee," Tusekile alisema.

"Na tukimwambia ukweli?" Subilaga aliuliza.

"Ukweli upi?"

"Alizungumza, pale majanini. Kabla hajasahau. Maneno yake yote ninayo."

Uso wa Tusekile ulifunguka. "Kumbe! Alisema nini? Alifurahi?"

Subilaga aliangalia sakafu. Angeweza kusema ndiyo, na kila kitu kingeishia hapo. "Hapana," alisema. "Si sana. Alisema ni kelele tupu. Alipenda mwavuli ulivyofunguka, basi."

Tusekile aliliacha dirisha, akamsogelea. Alipoongea hakupaza sauti. "Baba yangu ameutamani mruko huu tangu mimi sijazaliwa. Sasa ana mwaka, daktari akikosea ana miwili. Wewe neno moja nilikuomba, moja, ukashindwa. Umemnyang'anya wa kwake. Halafu unataka kumnyang'anya hata huu wa kuazima, umpe kelele na meno?"

"Tusekile..."

"Mimi ndiye msimamizi wake kisheria. Hosiana, nikubali wapi?"

Akakibonyeza kidole gumba kwenye kifaa. Hosiana alieleza, kwa aibu kidogo, kwamba pamoja na kidole cha msimamizi, sheria inataka mwenye kishikizi aulizwe ana kwa ana kabla ya kiraka kuwekwa. Akaanza kazi yake. Subilaga akatoka nje, miguu ikimpeleka bandani bila yeye kuamua.

Alijua kwamba Tusekile ana haki ya kukasirika. Alijua pia kwamba kiraka kingemfichia kosa lake, na kwamba asubuhi yake ingeisha kwa mzee mwenye furaha, na nani angelaumu? Kilichomkwaza ni kingine. Ule mruko wa kijana wa mashamba ya chai aliujua. Ulikuwa na mawingu kwa chini. Ulikuwa na mwili uliopotea. Ulifanana neno kwa neno na uongo aliompa mzee akiwa na miaka ishirini na mitatu. Kumwachia Hosiana aushone kulikuwa kumdanganya mzee yule yule mara ya pili, na safari hii uongo ungekaa ndani ya kichwa chake ukivaa uso wake mwenyewe. Na je, kama ukweli utamvunja moyo? Hilo nalo aliliogopa. Alisimama mlangoni akijikaza, macho yameshalowa.

*

Mwavuli wa asubuhi ulikuwa umetupwa mezani, haujakunjwa. Mzee Ambakisye alikuwa amekaa mbele yake na mikono mapajani.

"Umekuja kunipoza na wewe," alisema.

"Nimekuja kukuomba radhi." Subilaga alipiga magoti mbele ya benchi, akahakikisha taa ni ya kijani. "Hukuzirai, mzee. Mimi nilionywa nisilitaje neno la mlangoni, nikalitaja. Ukalijibu, na kishikizi kikaruka mruko wako wote. Kosa ni langu."

Mzee alilipima hilo. "Nililijibu?"

"Ulilijibu."

"Kwa sauti?"

"Rubani amelisikia mbele kule."

Kitu fulani kikalegea kwenye mabega ya mzee. "Ehe," alisema. "Halafu?"

Na hapo mawingu yakamjia Subilaga ulimini. Yalikuja yenyewe, yamekomaa, pamoja na ng'ombe wao. Aliyameza.

"Halafu tulitua, ukajilaza, ukasema ni kelele tupu. Ulisema upepo umekujaa mdomoni ukadhani meno yanakuacha. Ulilia machozi ya upepo, hukuiona milima. Ukaniuliza, ndiyo hii? Ukasema hakuna aliyekuambia habari ya baridi."

Mzee alimkazia macho. "Unanitania."

"Sikutanii."

"Ninyi nyote mliniambia. Wewe mwenyewe, Subilaga, ulisimama pale," alionyesha kiwanja kwa kidole, "ukaniambia mawingu."

"Nilifumba macho, mzee. Kutoka mlangoni hadi mwavuli. Halafu nikatapika."

"Na mawingu?"

"Sikuyaona."

"Na ng'ombe?"

"Hata ng'ombe."

Mzee aligeuza uso. "Nilimwambia mke wangu habari ya wale ng'ombe," alisema hatimaye. "Kila tukipita Uporoto alikuwa ananionyesha. Amekufa akijua milima iko hivyo."

Subilaga alilia wazi, bila kujificha. Alisema nisamehe, akalirudia, na mzee hakumjibu, ila hakuuondoa mkono ambao Subilaga alikuwa ameuweka kwenye goti lake lililonuna. Alipoweza kusema tena, alimmalizia yaliyobaki. Alimwambia juu ya ile paa na ile fwaa ndefu, na jinsi alivyoisikia mikunjo ikiachia mmoja baada ya mwingine. "Ukaniuliza nani kaukunja. Nikasema mimi. Ukasema nimekunja vizuri, ila kona ya kushoto niliharakisha."

Mzee aligeuka. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema umefunguka kwa kusitasita."

Akainuka kwa shida, akaenda mezani, akakivuta kitambaa hadi akaipata kona yenyewe, akaiinua kwenye mwanga. Alama za mkunjo zilikuwa bado zinaonekana. Aliziangalia sana, kisha bega lake likaanza kutikisika, na Subilaga akachelewa kuelewa kwamba anacheka.

"Hilo hukulitunga," alisema. "Hilo ni mimi kabisa. Tangu nakufundisha kukunja, kushoto unaharakisha."

Hosiana aliingia akiwa na kifaa chake, Tusekile nyuma yake. Tusekile aliona macho ya Subilaga, akaelewa, akaikaza midomo. Hosiana akamweleza mzee kama sheria inavyotaka, pole pole na bila kuficha kitu: pengo, kiraka, na kwamba kingekuwa cha mtu mwingine lakini yeye angekijua kama chake.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Hakusema lile neno. "Huyo mwenye mruko huo," aliuliza, "alifurahi?"

"Alilia kwa furaha, mzee. Angani humo humo."

"Basi hapana, mama. Asante."

"Baba," Tusekile alisema. "Nilitaka upate kizuri. Umekingojea sana."

"Najua, mwanangu." Alirudi kwenye benchi na kukaa. Usingizi ulikuwa umeshamshika, kope zilimlemea, na alizungumza akitafuta maneno. "Lakini nifikirie. Miaka thelathini na moja nimesimama kwenye meza hii nikiwaonea watu wivu. Kila Jumamosi. Mama yako alijua. Nikiamka na huo wa kijana, nitaamka najua kwamba kweli nilikosa jambo. Na hakuna tena muda wa kulipata." Akaangalia kiwanja kupitia mlango uliokuwa wazi, majani, ile ndege ndogo ya betri imeegeshwa juani. "Kumbe ilikuwa kelele. Kelele na meno na baridi, halafu kitambaa. Na kitambaa nilikuwa nacho hapa hapa." Akajilaza kwenye benchi, mkono chini ya kichwa. "Kumbe miaka yote nilikuwa mahali pazuri."

Hosiana alikifunga kifaa chake bila kuambiwa. Tusekile alisimama kidogo kama anayetaka bado kubisha, kisha akachuchumaa kumvua baba yake viatu. Kiatu cha pili kilipotoka, mzee alikuwa ameshalala.